Kabla ya Karatasi: Udongo, Vigae na Mfuko wa Babatha

Mama yangu ana mfuko wa nailoni mweusi ambao hakuna mtoto anayeruhusiwa kuugusa. Ndani yake mna mfuko mwingine, na ndani ya huo mna bahasha. Mwaka 1996 ulivuka Ziwa Tanganyika ukiwa umefungwa kiunoni mwake, chini ya kitenge, na maji yaliyoingia katika mtumbwi yalifika hapo hapo. Cheti changu cha ubatizo kilipona nusu. Karatasi ya kiwanja cha marehemu baba ilibaki na mhuri tu, maandishi yote yaligeuka wino wa bluu uliosambaa. Diploma ya kaka yangu haikuwamo kwenye mfuko. Ilikuwa ukutani, ndani ya fremu, na nyumba ilichomwa.

Mwaka jana, wakati wa uhakiki, tulikuwa kwenye foleni tangu alfajiri. Kijana mmoja mbele yetu alikuwa amerudishwa mara ya pili kwa sababu ya karatasi moja iliyokosekana. Akasema kwa sauti, ili wote tusikie, kwamba bora watu wa zamani, hawakuwa na karatasi, basi hawakuombwa karatasi. Foleni nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Lakini nilikuwa mwalimu wa historia kule nyumbani, na neno lile lilinikaa. Kijana alikosea. Watu wa zamani waliombwa, tena sana. Tofauti ni kitu walichotoa mfukoni.

Tuanze na udongo, maana ndio uliotangulia. Kusini mwa nchi ambayo leo ni Iraki kulikuwa na mji wa Uruk. Huko, takriban mwaka 3300 KK, makarani walianza kuchora alama juu ya vibao vidogo vya udongo mbichi. Vibao vya wakati ule vimechimbuliwa kwa maelfu, na ukitegemea kukuta sala au hadithi za wafalme utavunjika moyo. Karibu vyote ni hesabu: shayiri kiasi gani, pombe kiasi gani, kondoo wangapi, vibarua wangapi, nani amepokea. Moja ya alama zao inaonyesha kichwa cha mtu, na mdomoni pake bakuli. Maana yake ni kula, au kupewa chakula. Na mabakuli yenyewe yamepatikana pia, mengi mno, ya udongo mzito usiopendeza, ukingo umekatwa mshazari. Wataalamu wengi wanaamini yalitumika kugawia posho.

Yaani maandishi, kwa sehemu kubwa, yalizaliwa kwenye mgao. Sisemi kwa mzaha. Ndugu zangu wafanyakazi wa mashirika mnaosoma jarida hili, mkiwa mmekaa na orodha zenu chini ya turubai, mjue kazi yenu ina umri wa zaidi ya miaka 5,000.

Utengenezaji wake sisi tunaweza kuuelewa kuliko msomi wa mjini, kwa sababu tumefyatua matofali. Unachukua udongo laini wa mtoni, unauondolea mawe na majani, unaukanda, unaufinyanga mpaka ukae kwenye kiganja. Kisha unachukua tete, unalikata ncha, na hapo huchori bali unabonyeza. Kila mbonyezo unaacha alama kama ya kabari. Ukikosea unafuta kwa kidole gumba. Lazima umalize kabla udongo haujakauka, kwa hiyo karani mwenye maneno mengi alikuwa na shida. Kibao kisichohitajika tena kililowekwa kwenye maji, kikawa udongo, kikafinyangwa kingine. Tete na udongo wa mto vilikuwa karibu bure.

Na wizi waliufikiria. Mkataba mkubwa, kama wa mkopo au wa shamba, uliandikwa kwenye kibao, halafu kibao kikavikwa ngozi nyembamba ya udongo, kama bahasha, na maneno yale yale yakaandikwa tena juu ya bahasha. Mashahidi wakabonyeza mihuri yao. Mtu akibadilisha tarakimu ya nje, ya ndani hawezi kuifikia bila kuvunja. Siku ya ugomvi hakimu anavunja bahasha mbele ya watu wote na kulinganisha.

Sasa kuna jambo moja juu ya udongo ambalo nikilifikiria huwa naumia kidogo. Mwaka 612 KK mji wa Ninawi ulitekwa na kuchomwa. Ndani ya mji huo mlikuwa na maktaba ya mfalme Ashurbanipal. Vitu vya mbao, vya nta na vya ngozi viliteketea. Vibao vya udongo vilianguka na dari, vikazikwa, na moto ule ule ukavioka. Tofali bichi likinyeshewa linayeyuka, lililopita tanuruni linadumu, hilo kila mtu hapa analijua. Leo zaidi ya vibao na vipande 30,000 kutoka Ninawi viko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, na vinasomeka. Waliochoma mji ndio waliohifadhi maktaba yake bila kujua. Diploma ya kaka yangu ingekuwa ya udongo, ingekuwa bado ipo.

Miaka michache baada ya Ninawi kuanguka, ukubwa ulihamia Babeli, na hapa habari inatugusa zaidi. Mwaka 597 KK mfalme Nebukadreza aliuzingira Yerusalemu na kumchukua mateka mfalme wake kijana, Yehoyakini, pamoja na jamaa yake, maafisa na mafundi. Wasomaji wa Biblia wanajua kwamba Kitabu cha pili cha Wafalme kinamalizika kwa habari za mfalme huyo kupewa posho yake Babeli siku zote za maisha yake. Wengi walisoma wakapita. Kisha Wajerumani chini ya Robert Koldewey, waliochimba Babeli kuanzia 1899 hadi 1917, walitoa vibao karibu 300 katika vyumba vya chini ya jengo moja la jumba la mfalme. Vilikaa miaka mingi kabla ya kusomwa vizuri. Mwaka 1939 msomi Ernst Weidner alichapisha baadhi yake, na ndani mlikuwa na jina la mfalme wa Yuda.

Ni daftari la mgao wa mafuta. Hakuna habari za vita wala za huzuni humo. Kipimo chao kinaitwa sila, kidogo chini ya lita moja. Mfalme wa Yuda, sila 10. Wana wa mfalme, watano, sila mbili na nusu kwa wote. Watu wanane wa Yuda, sila nne, yaani nusu nusu kila mmoja. Na si Wayuda peke yao. Wamo watu wa Ashkeloni, mafundi seremala wa Gebali, Wamisri, Waelami, Wamedi, Waajemi, Wayunani. Mmoja wa Wamisri kazi yake ilikuwa kuchunga nyani wa mfalme. Karani anawaandika wote kwa mwendo mmoja: jina, kwenu, kiasi.

Nimekaa na orodha ile muda mrefu. Ukubwa wa familia, nchi ya asili, kiasi cha mafuta. Ni safu zile zile za kadi iliyo mkononi mwangu. Kinachonisumbua ni kwamba mfalme alikuwa na mengi ya kusema juu ya maisha yake, lakini sauti yake haimo. Iliyobaki ni ya aliyekuwa na kipimo.

Watu wa kawaida waliohamishwa walipelekwa vijijini, wakapewa mashamba kando ya mifereji kwa sharti la kumtumikia mfalme na kulipa kodi. Kuna vibao vingine karibu 200, vya kati ya mwaka 572 na 477 KK, na vingi vinatoka katika kijiji walichokiita Al-Yahudu, yaani Mji wa Yuda. Huko mbali walikopelekwa walikipa kijiji jina la kwao. Na jirani zao walifanya vivyo hivyo, kuna vijiji vya Babeli vilivyoitwa Ashkeloni, Gaza na Tiro. Nani asiyeelewa? Hapa kambini nami nanunua dagaa kwenye gulio lenye jina la mji wa Kivu. Vibao vya Al-Yahudu vinataja madeni ya shayiri na tende, kukodisha ng'ombe, kugawana urithi. Ukivipanga kwa miaka unaona babu, mwana na mjukuu katika kijiji kile kile. Waliofika wakidhani ni kwa muda walizeekea pale.

Twende Misri. Wamisri walikuwa na mafunjo, na nitayafikia, lakini mafunjo yalikuwa na bei. Mtu wa kawaida aliandika kwenye takataka. Chungu kikivunjika, kigae chake kilikuwa daftari. Mahali penye mawe ya chokaa waliokota vipande bapa vilivyobaki baada ya kuchonga, wakaandika kwa wino wa masizi. Kijiji cha mafundi waliochimba makaburi ya wafalme, mahali panapoitwa leo Deir el-Medina, kimetoa maelfu ya vipande hivyo: risiti za punda, orodha za nguo za dobi, mashtaka ya majirani, mazoezi ya watoto wanaojifunza kuandika.

Kipande kimoja, kiko London pia, ni rejista ya mahudhurio ya mwaka wa 40 wa Ramesses wa Pili, enzi za mwaka 1240 KK hivi. Mafundi 40 kwa majina, na kwa kila siku ambayo mtu hakufika, sababu imeandikwa juu yake kwa wino mwekundu. Anaumwa macho. Ameumwa na nge. Anatengeneza pombe. Yuko kwenye mazishi. Mke au binti yake yuko katika siku zake. Nilimwonyesha rafiki yangu anayesimamia vibarua wa ujenzi hapa, akasema ukiondoa nge hizo ndizo sababu anazopewa kila Jumatatu. Nge wenyewe tunao, nikamwambia.

Mafundi hao walilipwa nafaka. Fundi wa kawaida alistahili kila mwezi karibu lita 300 za ngano ya kale kwa mkate na zaidi ya lita 100 za shayiri kwa pombe, na kwa hizo alilisha nyumba nzima. Mwaka wa 29 wa Ramesses wa Tatu, takriban 1157 KK, nafaka ilichelewa. Ikachelewa tena. Mafundi wakaweka chini vyombo vyao, wakavuka vituo vya walinzi, wakaenda kukaa nyuma ya hekalu. Walisema wamefika pale kwa njaa na kiu, hawana nguo, hawana mafuta, hawana samaki wala mboga, na wakataka Farao aandikiwe barua. Wanahistoria wanauita mgomo wa kwanza wenye maandishi duniani. Tunaujua kwa sababu karani wa kijiji, Amennakht, aliuandika siku kwa siku kwenye mafunjo, ambayo sasa yako Turin, Italia. Nampenda karani huyo. Alikuwa mtu wa ofisi, lakini aliandika walichosema wenye njaa, si kiasi tu.

Mafunjo wengi wetu tumeyakata kwa panga. Wenzetu wa Burundi na Rwanda wanayaita urufunzo. Yamejaa mabondeni na kwenye vinamasi vya mto Malagarasi, tunasukia mikeka na kuezekea vibanda. Wamisri walimenya shina, wakakata nyama yake nyeupe vipande virefu vyembamba, wakavipanga kwa wima, juu yake wakapanga vingine kwa ulalo, wakagonga na kukandamiza mpaka utomvu wenyewe ukaunganisha. Likikauka ni ukurasa mwepesi, unaokunjika kama mkeka. Wayunani ukurasa huo waliuita khartes, Waarabu wakauchukua wakasema qirtas, nasi tukapata karatasi. Kwa hiyo neno letu lilianza kwenye mafunjo, karne nyingi kabla Wachina hawajatengeneza karatasi yenyewe kwa magome na matambara. Hata kalamu ni njia hiyo hiyo, kwa Wayunani ilikuwa tete.

Adui wa mafunjo ni unyevu. Kwenye mabonde yetu yanakoota, ukurasa wake usingemaliza masika mawili. Ulidumu Misri kwa ukame, na ulidumu mahali pengine pakame zaidi, kando ya Bahari ya Chumvi. Huko ndiko aliko mtu niliyetaka kumfikia tangu mwanzo. (Kulikuwa na vitu vingine vya kuandikia: mbao zilizopakwa nta za Warumi, mianzi ya Wachina, ngozi ambazo Waethiopia walizitumia kwa vitabu vyao vya kanisa kwa ustadi mkubwa. Kila kimoja kinastahili makala yake. Leo sina nafasi.)

Jina lake ni Babatha, binti wa Shimoni. Aliishi kijiji cha Maoza, kusini mwa Bahari ya Chumvi, nchi iliyokuwa ya Wanabatea mpaka Warumi walipoichukua mwaka 106 BK. Alikuwa na mashamba ya mitende. Mume wa kwanza alifariki akamwachia mtoto wa kiume, Yesu, jina la kawaida wakati ule. Mume wa pili naye alifariki, na alikuwa na mke mwingine, Miriamu, basi mnajua yaliyofuata juu ya mali.

Babatha hakujua kuandika. Moja ya hati zake inasema wazi kwamba mtu mwingine ametia sahihi kwa niaba yake kwa kuwa hajui herufi. Na bado alitunza hati 35, zilizoandikwa kwa Kiyunani, Kiaramu na Kinabatea. Mikataba ya mashamba, mkataba wa ndoa, mikopo, wito wa mahakamani. Mwaka 127 Warumi walipofanya sensa, alisafiri hadi mji wa Rabbath-Moabu kuandikisha mashamba yake manne ya mitende mbele ya afisa wa jeshi, akapata nakala, akaihifadhi. Hati zake nyingi ni za aina iliyofanana na ile bahasha ya udongo: maneno yanaandikwa mara mbili katika ukurasa mmoja, sehemu ya juu inakunjwa na kushonwa kwa uzi, mashahidi wanasaini nyuma karibu na mafundo, sehemu ya chini inabaki wazi kwa kusomwa. Hati ya juu hufunguliwa mbele ya hakimu tu.

Kesi iliyomchosha zaidi ilikuwa ya mwanawe. Baba wa mtoto alipofariki, baraza la mji wa Petra liliteua wasimamizi wawili wa mali ya yatima, mmoja Myahudi na mmoja Mnabatea. Wakampa mama dinari mbili kwa mwezi kwa chakula na nguo za mtoto. Babatha akaona hazitoshi ukilinganisha na mali iliyoachwa. Akawashtaki kwa liwali. Akafika hadi kusema wampe yeye fedha zile, aweke dhamana ya mali yake, naye atamtolea mtoto faida mara tatu ya wanayotoa wao. Kesi iliandikwa kwa Kiyunani, lugha ya wakubwa, si yake.

Mwaka 132 vita vya Bar Kokhba dhidi ya Warumi vilianza. Watu wa vijiji vile walikimbilia mapango yaliyo juu kwenye magenge, kwenye bonde la Nahal Hever. Babatha alikuwa mmoja wao. Alizifunga hati zake pamoja, akazitia kwenye mfuko wa ngozi, akaficha mfuko katika ufa wa mwamba ndani ya pango. Wachimbaji wa Yigael Yadin waliukuta mwaka 1961. Katika pango lile walikuta pia vioo, mabakuli, mabunda ya nyuzi za sufi, mifupa ya watu, na funguo za nyumba. Walipanda magenge yale na funguo, maana walifunga milango wakitoka.

Nilimsimulia Mama habari hizi jioni moja, tukichambua maharage. Ya wafalme hayakumgusa. Ya mgomo alicheka. Nilipofika kwa Babatha aliacha kuchambua. Akauliza mfuko ulikuwa wa ngozi ya nini, nikasema sijui Mama, ngozi tu. Akauliza kama maji hayakufika. Nikasema kule hakuna mvua. Akatikisa kichwa, kisha akauliza kuhusu yule mtoto, kama mwisho walimwongezea pesa.

Hilo nilikuwa nalijua, kwa sababu hati ya mwisho katika mfuko ni ya tarehe 19 Agosti 132, na ni risiti. Babatha anakiri kupokea kutoka kwa Shimoni, msimamizi aliyekuwa amerithi kazi kwa baba yake, dinari sita kwa chakula na nguo za mwanawe. Ni za miezi mitatu.

Mama akapiga hesabu kimya kimya. "Mbili mbili," akasema. "Kama siku ya kwanza."

Akarudi kwenye maharage.